Koti la Fundi Juu ya Paa

UMOJA WA WAPANGAJI WA JENGO LETU
Jumapili, 9 Machi
Kwa Mwenyekiti na wapangaji wote

Mahali: chumba cha cherehani, kisicho na dirisha
Waliohudhuria: Mwenyekiti, Mama Cherehani, Babu wa Chumba cha Kona, Katibu, na mgeni mmoja ambaye ni fundi wa sola
Hakuwapo: Kinyozi (alisema yuko njiani)

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa nane mchana kwa tochi ya simu, maana taa zilikuwa zimezima tena.

KUMB. NA. 2/ UNYEVU KWENYE SOLA
Mgeni alieleza kwamba kisanduku cha nyaya nyuma ya paneli ya sola, juu ya paa, kimeota kutu ya kijani. Koti lililofungwa juu yake linanyonya mvua na halikauki. Aliuliza nani alilifunga.

Mwenyekiti alimweleza kuwa ni la marehemu Fundi, mume wa Katibu. Mvua ilimkuta akiwafungia wapangaji sola hiyo, akakifunika kisanduku kwa koti lake na kusema ataziba vizuri kesho. Usiku huo alifariki. Tangu hapo, kila masika wapangaji hupanda kulikaza kamba.

Babu alisema koti halitoki, kwani mtu yule aliwatoa gizani. Mama Cherehani alijibu, "Babu, gizani tumerudi, na koti tunalo." Babu alimwambia apunguze mdomo. Mama Cherehani aliongeza kwamba vifungo vya koti hilo alivishona yeye tena na tena, maana Fundi hakumaliza wiki bila kung'oa kimoja, kwa hiyo asifundishwe kumpenda.

Mwenyekiti aliomba Katibu aamue. Katibu alisema marehemu hakuwa mtu wa kula kabla hajamaliza kazi. "Angelitoa mwenyewe. Litoeni."

KUMB. NA. 3/ UTEKELEZAJI
Wote walipanda juu ya paa. Mgeni alikausha kisanduku, akasugua kutu, akaziba matundu kwa silikoni na kuinamisha nyaya ili maji yadondokee nje ya kisanduku. Alisisitiza chini ya paneli pabaki wazi papite upepo, na kisanduku kisifungwe nguo tena, ya yeyote yule.

Mfukoni mwa koti ilikutwa tyubu ya silikoni, haijafunguliwa, imekauka kama jiwe. Babu aliishika muda mrefu. "Alikuwa ameshanunua," alisema. Mama Cherehani alichukua koti akalifue na kulitia vifungo, kisha alirudishe kwa Katibu.

KUMB. NA. 4/ KUFUNGA
Kikao kilifungwa chumbani saa kumi, taa ikiwa imewaka. Kinyozi aliingia na kuuliza kumeamuliwa nini.

Katibu hakuwa na mengine, ila ombi moja: ukiwasha taa, mkumbuke Fundi.

Mwenyekiti ....................
Katibu ....................