Ua Lisilo la Tawi Lake

Jumatatu, 3 Machi

Kimelea. Neno hili hutumiwa ovyo hata na wasomi, kwa hiyo nilifafanue kabla ya kuandika lolote jingine. Si kila mmea unaokaa juu ya mwingine ni kimelea. Ipo inayokaa tu, kama mgeni aliyeegemea ukuta. Kimelea ni mmea unaopenya katika mwili hai wa mwenyeji wake, ukajiunga na mishipa yake, ukanyonya. Vingine vina majani ya kijani na huiba maji tu. Vingine huiba kila kitu. Na kipo kikundi kimoja, kidogo, cha ajabu kuliko vyote: hakina jani, hakina shina, hakina mzizi. Maisha yake yote hukaa ndani ya tawi la mwenyeji kama uzi ndani ya nguo. Huwezi kujua kuwa kipo mpaka siku ya kuchanua, maua yanapopasua gome na kutokeza nje. Mpita njia huona tawi limechanua. Tawi halijachanua. Limechanuliwa.

Sababu ya ufafanuzi huu: Shemeji amerudi safarini.

Mume wa marehemu mdogo wangu. Mkuu wa idara ya mimea, na kwa hiyo mkuu wangu – mimi ni mtunza hebaria, makabati haya ya mimea mikavu iliyogundishwa kwenye karatasi. Wafanyakazi humwita Tausi, akiwa hayupo.

Aliingia bila hodi, tawi mkononi, limelazwa juu ya gazeti. Spishi mpya, shemeji! Pengine hata jenasi mpya! Tawi lenyewe ni la kichaka cha jamii ya kunde, kile kile kinachoota kando ya kila reli. Lakini maua! Madogo, mekundu ya kuiva, hayana kikonyo, yamekaa juu ya gome kama vifungo vya shati. Umewahi kuona kunde yenye maua ya namna hii?

Sijawahi. Wala hayupo aliyewahi.

Niliinua lenzi yangu, hii ninayoivaa shingoni siku zote. Gome lilikuwa limepasuka kuzunguka kila ua.

"Hongera, shemeji," nikasema.

Akaniomba nimpigie chapa lebo. Nimempigia. Herufi kwa herufi, kama alivyoitamka.

Jumatano, 5 Machi

Kujua kwa macho si kujua. Kijiti kilichodondoka kwenye gazeti lake nimekilainisha kwa maji moto, nikakikata kwa wembe vipande vyembamba kama ngozi ya kitunguu, nikaviweka chini ya hadubini. Nyuzi zimo. Zimetambaa ndani ya gome, zimejiunga na mishipa isiyo yake, na kila ua limeota kutoka kwenye nyuzi hizo. Tawi na ua ni mimea miwili. Shemeji anakaribia kuutangazia ulimwengu mmea wenye majani ya mmoja na maua ya mwingine. Mmea ambao haupo!

Nilijiuliza inawezekanaje asijue. Jibu liko rafuni, limejalidiwa kwa kitambaa cha kijani: kitabu chake kikubwa kuhusu mimea nyonyaji. Sura ya mwisho inaeleza kikundi hiki hiki, pamoja na onyo kuhusu kosa hili hili. Niliiandika mimi. Niliandika sura zote. Alizichukua akisema ni kwa kuzipitia tu, shemeji, zikatoka na jina lake, na mimi nikawekwa kwenye ukurasa wa shukrani: "na shemeji yangu, kwa kupiga chapa kwa subira."

Kwa subira!

Nilidhani aliiba na kusoma. Kumbe aliiba tu.

Sasa nieleze nitakachofanya, kwa utaratibu. Mmea mpya ukitangazwa, tawi moja huteuliwa kuwa sampuli mama. Jina hufungwa kwenye tawi hilo, na tawi hutunzwa katika jalada jekundu maisha yote ya hebaria. Mtaalamu yeyote mwenye maoni hubandika kikaratasi pembeni: maoni, tarehe, saini. Vikaratasi havibanduliwi. Hiyo ndiyo sheria ya nyumba hii, na ndiyo sheria pekee ambayo hata Tausi hajawahi kuivunja. Atatangaza. Nitabandika. Nitatumia mstari mmoja, na gundi ile nzuri.

Sitadanganya. Sitasema neno. Si nilishukuriwa kwa subira?

Ijumaa, 7 Machi

Chai ya saa nne. Dereva alikuwa anasimulia ugunduzi ulivyotokea. Walisimama kuongeza maji kwenye rejeta, mkuu akaenda kichakani kujisaidia, akarudi anapiga kelele – dereva alidhani ameumwa na siafu pabaya.

"Kumbe spishi mpya zinapatikana hivyo?" akasema mbandikaji wetu, yule mama anayegundisha mimea kwenye karatasi. "Mbona mimi nimechutama njia nzima ya nchi hii na sijapata hata gugu?"

"Wewe huna elimu ya kuchutama, dada."

Mlango ukafunguka. Tausi akaingia, akachukua sukari, akauliza tunacheka nini. Dereva akasema tunaifurahia sayansi.

Nilicheka mpaka miwani ikaingia ukungu. Muda mrefu sijacheka hivyo, na kicheko changu kilikuwa na meno.

Jumanne, 11 Machi

Kikao cha idara. Ametangaza jina.

Ni la mdogo wangu. Jina lake, limevalishwa mkia wa Kilatini. Alisimama, akavua miwani, akasema mwanamke aliyempa kila kitu sasa atachanua milele. Watu walipiga makofi. Binti yao – mchoraji wa idara, ana mikono ya mama yake – alilia waziwazi, akaja kunikumbatia. "Mama Mkubwa, umesikia? Mama amepata ua!"

Nilimpapasa mgongo.

Aliyempa kila kitu. Hapo amesema kweli, na sidhani alijua. Mdogo wangu alikuwa akisoma mimea kama mimi, na alikuwa na jicho kunishinda. Aliacha ili mumewe amalize. Alifua mashuka ya hospitali mpaka vidole vikachubuka, na kila mara alisema zamu yake itafika. Alipougua, mumewe alikuwa kwenye makongamano. Nilimuogesha mimi. Mazishini Shemeji alisoma hotuba nzuri sana.

Amemaliza kula cha mdogo wangu, amekula changu. Kilichokuwa kimebaki ni jina la maiti. Nalo ameliona.

Nitabandika kikaratasi kile nikiwa nimevaa nguo zangu za sikukuu.

Alhamisi, 13 Machi

Hapana. Nifikiri vizuri. Hasira isiyo na hoja ni kelele tu.

Sampuli mama ikigundulika kuwa ni mimea miwili, sheria za majina hazilifuti jina. Humwachia anayesahihisha achague: alifunge ama kwenye mmea huu, ama kwenye ule. Msahihishaji atakuwa mimi. Nikilifunga kwenye tawi, kichaka kile kina jina lake la zamani tayari. Jina jipya litakufa, libaki tanbihi ya kuchekwa na wanafunzi. Ndivyo nilivyokusudia tangu mwanzo. Lakini sasa kitakachochekwa kila mwaka ni jina la mdogo wangu.

Basi nilifunge kwenye ua? Nimelilinganisha ua hili na ndugu zake wote wanaojulikana, na halifanani na hata mmoja. Pete ya ndani ina nywele; wengine hawana. Ni jipya. Jipya kabisa! Mpumbavu yule alikwenda haja ndogo akarudi na spishi ya kweli, asijue ni ipi. Nikichagua ua, jina la mdogo wangu litaishi – na nyuma yake, kwa sheria hiyo hiyo, litaandikwa jina la mtangazaji. Milele. Lake na la mumewe, bega kwa bega, kama kwenye kadi ya harusi.

Na nikimwambia leo? Kesho itakuwa yeye aliyeona.

Na nikiutangaza mwenyewe, kabla yake? Tawi ni la msafara wake. Bila idhini yake hakuna jarida litakalonisikiliza.

Huwa nawadharau wanaolinganisha watu na mimea. Kwa kawaida hawajui watu wala mimea. Leo nimekaa nikilitazama tawi lile saa nzima ya chakula na sikula.

Usiku huu naandika uamuzi: tawi. Lidondoke jina, adondoke naye. Mdogo wangu angenielewa. Alikuwa mpole, lakini hakuwa mjinga.

Jumatatu, 17 Machi

Mswada unaondoka jioni. Umebakiza mchoro tu. Wahariri hawatatumiwa tawi, watautazama mchoro.

Binti wa mdogo wangu amekuja kuchorea chumbani kwangu, dirisha langu lina mwanga. Ni mchoro wake wa kwanza kuchapishwa. Ameshaandika jina lake pembeni kwa penseli, dogo, kama mtu anayeogopa kukanyaga zulia.

Ameniita.

"Mama Mkubwa, njoo kidogo. Hapa gome limepasuka. Na hapa. Kila ua!"

Nimemuuliza baba yake anasemaje.

"Anasema ni makovu ya kukaushwa, niyalainishe kwenye mchoro." Akaigiza sauti yake, kidevu juu: "'Usinichoree vidonda, binti. Nichoree ua!'"

Tulicheka wote wawili. Anamuigiza vizuri mno. Kisha akaacha kucheka.

"Lakini si makovu. Kingo zimesukumwa kutoka ndani. Kama kitu kilikuwa humo, kikatoka." Jicho la mama yake! "Wewe ndiye uliyenifundisha nichore ninachokiona, si ninachoambiwa. Sasa hapa naona nini?"

Akichora gome lililopasuka, mhariri yeyote mwenye macho ataelewa. Shemeji atarudishiwa mswada kwa siri na adabu, atausahihisha, na spishi itakuwa yake bila doa. Kwenye ukurasa wa shukrani ataandika "jicho la binti yangu." Naijua sentensi hiyo kana kwamba nimeshaipiga chapa.

Akilainisha, kisasi changu kitafika kizima. Lakini aliyechora gome zima mahali palipopasuka ana jina moja tu katika fani yetu, mghushi, na jina hilo halimtoki mtu. Kikaratasi changu kitabandikwa juu yake pia. Hakitabanduliwa. Mimi ndiye niliyekipendea hilo.

Nimemwambia asubiri, nikachukue lenzi nione vizuri. Nimeingia huku nyuma kati ya makabati, naandika nimesimama. Mbele yangu ni kabati la majalada mekundu. Namsikia akigonga kalamu kwenye mdomo wa chupa ya wino – taratibu, ana subira kuliko mimi.

Katika sura ile ya mwisho nilieleza jinsi uzi unavyoingia katika tawi, unavyojiunga, unavyonyonya, unavyochanua. Sikueleza jinsi ya kuutoa tawi likabaki zima. Sikueleza kwa sababu sijui. Je, upo wembe mwembamba kiasi hicho?

Ananiita.

"Mama Mkubwa! Lenzi si hiyo iko shingoni mwako?"