Majina ya Waliounguliwa, Buguruni

Jumatano, 10 Februari 1954

Buguruni imeungua. Moto ulianza jana saa nane mchana kwenye jiko la mama mmoja muuza mihogo, upepo ukaudaka, ukaruka makuti hadi makuti. Nyumba thelathini na nne. Kafa bibi mmoja kiziwi, hakusikia watu wakimwita atoke.

Nimekwenda leo na walimu wenzangu. Nguzo nyeusi. Vitanda vya chuma vimesimama peke yake juani. Mzee mmoja anachokoa majivu kwa kijiti, nikamwuliza anatafuta nini, akasema hajui.

Paroko kafunga shule. Madarasa yamekuwa mahali pa kulala. Mie kanipa daftari kubwa na kadi, niandike waliounguliwa, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Jina, kabila, kwao wapi, watoto wangapi, alichopoteza. Chini kuna nafasi tupu imeandikwa "Maelezo".

Ishirini na tisa mpaka jioni. Kidole kimeota sugu.

Alhamisi, 11 Februari

Kaja mwanamke na mtoto wa kike, miaka minne hivi. Majirani wanamwita Mauwa. Anapika vitumbua karibu na soko. Nikamwuliza kwao, akasema Kilwa. Mtu wa Kilwa! Na matamshi yale? Nikamsemesha kwa lugha ya kwetu ziwani, polepole. Kwanza aligeuka akautazama mlango.

Halafu akasema yote. Jina lake Kokushubila. Kijiji chao hakiko mbali na cha mama yangu. Mume alimvunja kifundo cha mkono. Kaka yake akamrudisha kwa mume. Akapigwa tena, akakimbia tena, akarudishwa tena. Mara ya tatu hakwenda kwa kaka, alimbeba mtoto akapanda meli ya ziwani, akashuka Mwanza, akapanda treni. Ana miaka mitatu Buguruni na hakuna mtu wa kwetu anayemjua. Aliniomba niandike Mauwa, basi.

Nikamwambia haifai. Paroko anataka majina ya kweli. Siku ya kugawa miti na makuti, mwenye jina la uongo atapata taabu.

Akaniuliza, "Nani atasoma?"

Nikamjibu, "Mie na Paroko tu."

Nikaandika kila kitu. Jina lake, la mume, la kaka, la kijiji, mkono, mtoto, meli. Maelezo yalijaa nikageuza kadi nikaendelea nyuma. Na nitasema kweli kwa kuwa hapa hakuna anayenisikia — niliona raha. Nilijiona mtu wa maana.

Jumatatu, 15 Februari

Mkutano wa komiti ya msaada, saa tatu hadi saa saba. Misheni, chama cha Waislamu wa Buguruni, mtu wa bomani, na vyama vya makabila. Umoja wetu wa Ziwani umewakilishwa na mwenyekiti wake. Mume wangu Revelian, ambaye ndiye katibu wake, alikuwa kazini bandarini.

Tatizo: mablanketi. Kuna watu wamepewa na misheni, wakaenda kwa Waislamu wakapewa tena. Watu wameunguliwa na kila kitu, sie tunahesabu mablanketi. Bibi Langford, mwenyekiti wa komiti, akatoa shauri: kadi zote zipigwe taipu kwa kaboni, nakala tano, kila chama kipate zote. Hivyo hakuna atakayepata mara mbili, na hakuna atakayesahauliwa. Maneno mazuri. Watu wakaitikia.

Aliyekataa ni mmoja, Bwana Fakihi, katibu wa chama cha Waislamu. Mtu mfupi, fundi cherehani, hana haraka. Akasema watu walimweleza mambo yao kama mtu anavyomweleza jirani. Atatoa jina ambalo mtu anaitwa mtaani, idadi ya vichwa, na anachohitaji. Zaidi ya hapo hatoi. Bibi Langford akamwuliza kama ana kitu anachoficha. Akasema ndiyo, anaficha ya watu.

Nilimwona mkaidi! Nikamwinamia Paroko nikamnong'oneza kama Maelezo nayo yatapigwa taipu. Akasema sote pale ni watu wa kutenda mema. Nikainua mkono niseme. Mtu wa bomani akaanza kusema kabla yangu. Nikaushusha.

Paroko akalipeleka sanduku la kadi mbele. Lilikuwa zito, akasaidiwa.

Jumamosi, 27 Februari

Nina hasira, kalamu inatoboa karatasi.

Revelian karudi mchana na furaha. Kala wali, kanywa maji, ndipo akaniambia Umoja umempata mwanamke wetu aliyepotea. Kama mtu aliyeona mbuzi wa jirani. Kadi zilipofika, mwenyekiti wa Umoja alizisoma moja moja, akakuta jina la kijiji, jina la kaka. Simu ya waya ilipigwa tangu Jumatatu. Kaka mtu yuko njiani, wiki ijayo atafika.

Tangu Jumatatu! Siku tano mume wangu amelala kitanda kimoja na mie na hakuniambia.

Akasema, "Imepigwa taipu, lakini maneno nimeyajua ni yako. Umeandika vizuri sana, Auleria."

Alikuwa ananisifu. Hilo ndilo linalonichoma. Hakuna ubaya machoni mwake, hata chembe.

Nikamwambia kuhusu mkono uliovunjwa. Amesoma, anajua. Akasema mambo ya nyumba yana wazee wake, watakaa watayasema. Na mtoto ni wa ukoo, hawezi kukulia vichochoroni Buguruni akiitwa jina la watu. Nikamwuliza kadi ile ilikuwa ya nini. Akasema ya msaada. Sasa huu, akauliza, si msaada?

Nimeosha vyombo. Nikaviosha tena.

Jumapili, 28 Februari

Sikukaa mpaka mwisho wa Misa. Nimekwenda Buguruni kwa miguu na viatu vya kanisani.

Nilimkuta Kokushubila nyuma ya banda la magunia anasaga mchele. Nikamwambia. Nilidhani atapiga kelele, nilitaka apige kelele. Akauliza atafika siku gani. Nikasema wiki hii. Akanawa mikono, akaenda kwenye kamba, akaanua gauni la mtoto, lingali linachuruzika, akalikunja hivyo hivyo bichi.

Kisha akanitazama. "Uliniambia wewe na Paroko."

Niseme komiti? Niseme kaboni? Aliyeuliza nani atasoma ni yeye, na aliyejibu ni mie. Hakuna komiti katika hilo.

Aende wapi? Kwangu haiwezekani. Misheni wana nakala. Bomani wana nakala. Nikaenda kwa yule yule mkaidi. Bwana Fakihi alikuwa kibarazani anashonea lisani kifuani mwa kanzu. Nikajieleza, nikaanza na jina lake na kijiji — akainua mkono wenye sindano kunizuia. Hakutaka kujua. Akauliza, "Watu wangapi? Mgonjwa yupo?" Wawili, hakuna mgonjwa. Akavaa viatu.

Wamekwenda. Sitaandika wapi. Hata humu sitaandika.

Jumatano ya Majivu, 3 Machi

Nimepakwa majivu asubuhi, nikamngoja Paroko sakristia, anakovulia mavazi ya Misa. Nikasema yote. Kasikitika kweli, alikaa chini. Akasema nia ilikuwa njema. Akauliza kama ndoa ile ilifungwa kanisani. Nikasema sikuandika hilo, na sasa nashukuru. Akasema hataniuliza yuko wapi. Kwa hilo namheshimu.

Nikamwomba arudishe kadi. Akasema zimeshatoka mikononi mwake, nakala tano, na yeye ndiye aliyekubali, atawaambiaje leo?

Nikaenda nyumbani kwa Bibi Langford. Alinikaribisha kiti, akaleta chai, akasikiliza mpaka mwisho, akaandika kwenye kikaratasi. Akasema ni jambo la kusikitisha na ni somo. Wakati ujao, kadi zitapigwa mhuri wa siri.

Wakati ujao. Nikaaga. Chai sikuinywa.

Nyumbani Revelian kaniambia Umoja ulituma watu wawili Buguruni kumtafuta, wamekuta banda tupu. Alisema akinitazama mguuni, kwenye viatu.

Alhamisi, 4 Machi

Kaka yake yuko sebuleni kwangu!

Umoja haukuwa na mahali pa kumlaza, katibu kajitolea. Anaitwa Apolinari. Nilimngoja mtu mnene mwenye sauti. Ni mwembamba, koti limechanika kwapani, miguu imevimba kwa kukaa kwenye treni. Kaniletea kahawa ya kutafuna, imefungwa kwenye ganda la mgomba. Anasema ahsante kwa kila kitu, hata kwa maji. Ni vigumu kumchukia nami nimejaribu mchana kutwa.

Baada ya kula akasema shemeji yake anamtukana kila siku ya soko, mbele ya watu, kwamba ukoo wao unaoza wanawake watoro. Mama yao hatoki tena nje. Nikamwuliza kama aliuona mkono wa dada yake. Akasema aliufunga yeye mwenyewe, kwa vijiti na kitambaa. Halafu akamrudisha. Hayo mawili aliyasema kwa sauti moja, akanyoosha mkono kuchukua chumvi.

Kisha akaniuliza, "Dada, wewe ndiye uliyemwona. Yuko wapi?"

Nikasema sijui.

Revelian akatabasamu kidogo. Akasema, "Mke wangu hasahau kitu."

"Sijui," nikasema tena.

Miaka sita ya ndoa, na huo ndio uongo wangu wa kwanza kwake. Ningekuwa na aibu kama nisingekuwa na hasira. Daftari hili nimelihamisha.

Ijumaa, 5 Machi

Leo ilikuwa siku ya kugawa. Miti ya mikoko, makuti, kamba — vimelundikwa uwanjani kwa misheni tangu jana. Meza yangu mlangoni, kadi mpya. Paroko alitaka kila mtu aandikwe upya, ijulikane nani kapokea.

Nyumba thelathini na nne. Kufika saa tano walikuwa wamekuja watu sita. Nikadhani hawajapata habari. Kumbe wako nje ya ua, ng'ambo ya barabara, wamesimama kivulini wanatutazama.

Mwishowe akavuka mama mmoja mtu mzima, Filomena, wa kusini, mumewe mchonga vinyago. Naye yuko kwenye daftari la kwanza, nilimwandika mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika, akabaki amesimama, hakukaa kwenye kiti. Akauliza kwa sauti ambayo wale wa barabarani waliisikia.

"Mwalimu, ni kweli mtu akiandikwa hapa anafuatwa?"

Paroko alikuwa nyuma yangu. Akasema taratibu, "Waambie si kweli."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Nilimtazama mama yule, na nguo yake ambayo ni ile ile aliyovaa siku ya moto. Anahitaji miti ile. Wote wanaihitaji. Neno moja dogo, wangevuka barabara wakajenga.

Nikasema, "Ni kweli. Mmoja keshafuatwa."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa haki yake. Akasema haya, Mwalimu, akaondoka. Wale wengine wakaondoka naye, bila kukimbia, mmoja mmoja. Nikamgeukia Paroko nikamwomba tuwagawie bila majina, kwa kuhesabu vichwa. Akasema komiti haitakubali. Nikamwambia aiulize komiti. Akasema wanakutana Jumatatu. Akaichukua kalamu mkononi mwangu, si kwa ukali, akaifunga kifuniko.

Nimefika nyumbani saa tisa. Revelian keshasikia, sijui kwa nani.

Saa kumi mvua imeanza. Si manyunyu, ni ya kumwaga. Makuti yote yako uwanjani kwa misheni yanalowa na hayana mwenyewe. Nami niko jikoni napika ndizi za watu watatu.

Apolinari kaja kusimama mlangoni. Kauliza kama kule Buguruni wapo watu ambao bado hawana paa. Nikamwambia wapo. Kauliza, na watoto? Nikamwambia na watoto.

Amekaa pale kizingitini, ameshika goti lake, anasikiliza bati letu linavyopigwa.