Kete ya Ishirini

Jumapili, 27 Aprili

Magoti yanauma. Nimetembea kutoka Laini Saba hadi hapa 46, Kawangware, na tope limekula soli ya kiatu cha kushoto. Nimechemsha maji, nimeosha miguu. Naandika.

Leo saa nzima imekwenda kwa swali moja: mganga anaruhusiwa kushika mkuki? Mganga ni mimi, yaani Syombua, mtu ninayemwigiza kwenye mchezo wetu wa Jumapili. Akinyi alikataa kabisa. Eti chuma kinaharibu dawa. Nikamuuliza kama watu hudungwa sindano ya mbao. Akafungua daftari la kanuni, ambalo aliliandika mwenyewe akitoa kwenye kitabu cha Kiingereza tulichochapisha saiba, duka la intaneti, akaweka kidole kwenye mstari. Akinyi anauza makaa Silanga na hajawahi kumwongezea mteja hata kipande. Kanuni anazipima vivyo hivyo.

Mutua ndiye refa. Yeye ndiye anayetusimulia safari na kuamua kila ugomvi. Aliamua nishike mkuki wa mti, usio na ncha ya chuma. Hiyo ni fimbo. Nimepewa fimbo.

Kosa ni langu. Nilimjenga vibaya Syombua tangu mwanzo. Alama kumi na mbili za kugawa, nikatia saba kwa akili, nne kwa huruma, nguvu nikamwachia moja. Akipanda kilima kidogo tu tunamngoja. Miezi minane sasa nabeba mtu wa kusubiriwa, na inanikera.

Tuna kete mpya. Kete zetu ni vifuniko ishirini vya soda vilivyogongwa vikawa bapa, namba moja hadi ishirini, ndani ya mkebe. Ukitaka kufanya jambo gumu unatia mkono bila kuangalia, unatoa kimoja. Namba kubwa, umefaulu. Namba za kalamu zilikuwa zimefutika kwa sababu ya mikono yangu, haikosi mafuta ya nywele za wateja. Mutua ni fundi wa chuma, na karakana yake ndimo tunamochezea. Akazipiga namba upya kwa msumari. Zimependeza. Hazifutiki.

Ya ishirini msumari ulipitiliza. Ina katundu. Kidole changu kilikajua kabla ya macho.

Jumanne, 29 Aprili

Nimesuka vichwa vitatu leo, kimoja cha nyuzi nyembamba. Nimesimama kwa saa sita. Mteja aliniuliza ninavyogawanya nywele bila kuangalia, nikamwambia mikono imezoea.

Kisha nikawaza mkebe. Nikajiambia niache.

Sijaacha.

Jumapili, 4 Mei

Nimefanya.

Tulikuwa tunavuka mto. Mutua akatoa chatu mwenye sumu (Akinyi alipinga, chatu hana sumu, Mutua akasema huyu anayo). Magunga akaumwa shingoni.

Magunga ni mtu wa Otieno. Otieno ni binamu yake Akinyi, ana shamba dogo la sukuma wiki kando ya bwawa. Ukimsalimu anasema "poa" na maneno ya siku yamekwisha. Alimuunda Magunga miaka miwili iliyopita, wiki aliyoachishwa kazi kiwandani. Magunga ni mlinzi wa misafara. Anajisifu, anaimba, anabishana bei na mizimu, anamtukana mfalme mbele ya askari wake. Sauti ya Otieno inabadilika kabisa. Nikisema ukweli, mimi hutembea kutoka Kawangware kila Jumapili baada ya kanisa kwenda kuisikia sauti hiyo.

Mutua akasema sumu imefika moyoni. Mganga atoe kete moja, kumi na nane kwenda juu. Ikikosa, Magunga amekufa. Otieno alikuwa anaangalia mkebe. Hakusema kitu, wala kwa sauti ya Magunga wala kwa yake.

Niliingiza mkono nikatafuta. Sikuhangaika hata kidogo. Vidole vilipita juu ya vifuniko, hiki sicho, hiki sicho, hiki.

Ishirini.

Mutua alipiga bati kwa nyundo hadi majirani wakachungulia. Otieno alinishika mikono yote miwili. "Aki Nduku, umeniokolea msee," akasema, yaani mtu wake. Yale ni maneno mengi kwa Otieno.

Nina furaha. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Jumatano, 7 Mei

Otieno alikuja saluni. Amebeba sukuma, mafungu mawili, yamefungwa kwa kamba ya mgomba. Akayaweka kwenye kiti, akasema poa, akaenda. Kutoka Silanga hadi hapa, kwa miguu, kwa neno moja.

Nimepika fungu moja. Sikulimaliza.

Jumapili, 11 Mei

Nimerudia. Mara mbili.

Ya kwanza ilikuwa mlango wa ngome. Ya pili sikuwa na sababu yoyote. Syombua alitaka kumshawishi mwenye nyumba ya wageni atupunguzie kitanda. Jambo la kipuuzi. Mkono uliingia ukaenda wenyewe hadi kwenye tundu. Nilipotoa ishirini nyingine Mutua alicheka, lakini Akinyi hakucheka. Alinitazama, kisha akamtazama Mutua, akaandika kitu pembeni mwa daftari.

"Hiyo mkono ni ya kanisa ama?" akaniuliza.

Nikasema ni bahati. 

Wakati wa chai nilifungua daftari lake, nikijidai natafuta kanuni ya dawa. Ukurasa wa kwanza, wino mwekundu, ipo kanuni waliyoiandika kabla sijajiunga, baada ya mchezaji mmoja kukamatwa na kete kwenye mkono wa sweta. *Kete ikiibwa, lililofanywa kwa kete hiyo halikufanyika.* Sahihi tatu chini yake: Akinyi, Mutua, Otieno.

Halikufanyika. Mlango wa ngome haujafunguka. Kitanda hakijapunguzwa bei. Hayo si kitu.

Magunga hajapona.

Jumatatu, 12 Mei

Sikulala vizuri. Nimekosea msuko wa mama mmoja nikaufumua wote na kuanza upya. Amekasirika. Ana haki.

Nimejaribu kubishana na kanuni hiyo kama anavyobishana Akinyi. Kuibwa ni nini? Mwizi wa zamani alificha kete. Mimi nimetia mkono na kutoa kimoja, sikuangalia, kama kanuni inavyotaka. Haikatazwi kugusa. Huwezi kutoa kete bila kuigusa. Msumari ni wa Mutua.

Hoja nzuri sana. Nimeirudia mara kumi nikitwanga nyanya, na kila nikiimaliza najisikia mchafu.

Alhamisi, 15 Mei

Balaa kwenye kikundi cha simu.

Akinyi ameandika kwamba refa anampendelea Nduku. Kwamba sisi wote wawili ni watu wa Ukambani na refa anaipanga ishirini juu kabla sijatia mkono. Ishirini tatu kwa Jumapili mbili, amesema, na zote mtu mmoja.

Mutua hakujibu kwa saa nne. Mutua, ambaye hujibu hata kabla hujamaliza kuandika. Mwishowe akaandika: "Sawa. Jumapili ndio last yangu. Mtafute refa mwingine, karakana nitafunga." Hakuna refa mwingine. Safari zote ziko kichwani mwake, hajaandika hata moja.

 Otieno aliusoma ujumbe, basi.

Mutua amefundisha watu watatu kucheza bila kuomba kitu. Anapanga madebe tuketi, anazima mashine ya kuchomea ingawa Jumapili ndiyo siku yenye wateja wa mageti. Na ameitwa mwizi kwa wizi wangu. Nilishika simu, nikaandika ujumbe, nikaufuta. Nikaandika tena, nikaufuta.

Mimi ni mwoga. Nikinyamaza Mutua anaondoka na mchezo umekwisha, na Magunga atakuwa hai mahali ambapo hakuna mtu wa kumchezesha. Nikisema, anakufa. Simwoni Otieno akinisamehe. Namwona akisema poa na kwenda zake.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua. Hakuna mteja. Nimezunguka saluni kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nimeanza kuchora mtu mwingine kwenye karatasi ya risiti, iwapo watanifukuza, nicheze peke yangu. Alama kumi na mbili. Safari hii nguvu nane. Nimeangalia karatasi, nikaona upuuzi wake. Utamtolea nani kete peke yako?

Jumapili, 18 Mei

Nimesema.

Sikungoja chai. Mutua alikuwa amesimama, hata madebe hakupanga. Akinyi amekunja mikono. Nikamwaga vifuniko kwenye meza ya chuma, nikavirudisha mkebeni, nikaomba Akinyi anifunge macho kwa leso yake mwenyewe. Nikatoa ishirini. Nikairudisha. Nikaitoa tena. Mara nne. Kisha nikafungua macho na kuwaonyesha tundu. Nikasema tangu lini, na mara ngapi. Nikasema Mutua hakujua.

 Nilisikia treni ikipita na hakuna aliyegeuka.

Akinyi alimwomba Mutua msamaha. Papo hapo, jina na kosa, bila kuzunguka. Sikutarajia. Mimi alinipa mgongo.

Ugomvi ukaanza, na kitu cha ajabu ni kwamba ulikuwa wa kanuni. Mutua akasema yaliyopita yamepita, hakuna kurudisha mto nyuma, Magunga abaki. Akasema kosa ni la msumari wake. Nilidhani Akinyi ndiye atakayesoma ukurasa wa kwanza. Hakuusoma. Alilifunga daftari akaliweka chini ya paja. Kwa mara ya kwanza nilimwona Akinyi hataki kanuni itumike.

Otieno ndiye aliyenyoosha mkono na kulidai. Akafungua, akatazama sahihi yake. "Hii ni yangu," akasema. "Mi niliweka sahihi."

Nikamwambia asimfute Magunga. Nikamwambia tutoe kete upya, kihalali, labda kumi na nane itatoka. Mutua akasema ndiyo, hiyo ni haki, mganga alistahili kete moja na hakuipata. Hata Akinyi alikubali. Wakanisukumia mkebe, nikakataa kuugusa. Otieno akatia mkono wake mwenyewe.

Tisa.

 Kisha akachukua kalamu na karatasi ya Magunga, ambayo imepasuka kwenye mikunjo kwa kukunjwa miaka miwili, akapiga mstari mmoja juu ya jina. Hakuichana. Aliikunja, akaitia mfuko wa shati. Akasema anaenda kumwagilia sukuma. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi.

Nimelia njia nzima hadi hapa.

Jumatano, 21 Mei

Mutua ameandika kwamba hafungi karakana. Mimi nitaendelea, ila mkebe siugusi hadi mwezi uishe, Akinyi atanitolea. Ni adhabu ndogo, nimeikubali.

Otieno hajaandika. Nimemtumia neno moja, samahani. Alama mbili za kusomwa zikatokea.

Hakuna sukuma.

Jumapili, 25 Mei

Alikuja. Wa mwisho, na karatasi mpya.

Kete sasa ni vipande vya kadi, vyote sawa. Akinyi alinitolea nne nikaanguka kwenye shimo. Hakuna aliyecheka, kisha wote wakacheka.

Otieno aliweka karatasi yake mbele ya Mutua. Alama amezigawa sawasawa. Pale pa jina hakuandika kitu. Chini yake ameandika: bubu. Mtu wake mpya hasemi.

Nilielewa mara moja. Sauti ile sitaisikia tena. Ni mimi niliyemtoa Magunga kinywani mwake, na badala yake hakuleta mtu wa kuongea.

Wenzangu wakaanza maswali. Bubu atakabidhije salamu za mfalme? Ataombaje msaada gizani? Akinyi akapekua daftari lote, hakuna kanuni. Mutua akafikiri huku akizungusha nyundo mkononi. Akaamua: bubu ataongea kwa mikono, na mmoja wetu awe ndiye anayemwelewa. Atakachosema huyo ndicho kitakachohesabiwa kuwa kimesemwa, kiwe sahihi au kisiwe. Otieno achague mtu wake.

Otieno alininyooshea kidole.

"Huyu?" akauliza Akinyi.

Otieno akaitikia kwa kichwa.

Tulifika boma la wageni jioni ya mchezo. Mlinzi akauliza tunataka nini. Otieno alisimama, akasogeza mikono, kiganja juu, kisha vidole viwili shavuni. Nilisema anaomba maji na mahali pa kulala. Akakataa kwa kichwa. Akarudia, polepole. Nikasema anaomba kazi. Akakataa tena, na akasogeza debe lake karibu niione vizuri mikono yake. Ina michubuko ya jembe, na tope kwenye kucha.

Mara ya tatu nilisema anauliza kama kuna mgonjwa ndani, maana amekuja na mganga.

Otieno hakukataa. Akaketi.