Wino wa Kifuani mwa Phelister

KIKUNDI CHA FARAJA CHA AKINA MAMA, UMOJA
Kumbukumbu za kikao cha dharura cha kamati kilichofanyika Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025, sebuleni kwa Mwenyekiti. Kilipangwa kuanza saa nane. Kilianza saa nane u nusu, kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa bado anapiga deki.

WALIOHUDHURIA
Bi. Ndinda Mutisya (Mama Kyule), Mwenyekiti
Bi. Wakiuru, Mweka Hazina
Bi. Elsie, Mjumbe
Bi. Truphena Otiende, Katibu
Bi. Phelister Oketch, mwanachama mgonjwa, kwa kuitwa

ASIYEHUDHURIA
Bi. Ndete, Mjumbe, aliyetuma udhuru kwamba yuko Machakos, kisha akaonwa na wajumbe wawili akichagua nyanya hapa hapa Umoja.

KUMB. NA. 1/3/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala. Sala iligusia, bila kutaja jina, watu wanaotendewa wema wakalipa kwa matusi. Phelister aliitikia amina pamoja na wengine. Iliandaliwa chai. Phelister alipewa kikombe cha plastiki peke yake. Katibu aliuliza sababu, akaambiwa vile vingine havikutosha. Kabatini vilionekana vingi.

KUMB. NA. 2/3/2025: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA
Mweka Hazina aliulizwa kuhusu sufuria kubwa ya kikundi. Alijibu kwamba ipo. Hakuna aliyeuliza ipo wapi, kwa sababu kila mtu anajua iko jikoni kwa nani.

KUMB. NA. 3/3/2025: LALAMIKO LA MWENYEKITI
Mwenyekiti alieleza kwamba tarehe mosi Machi yeye, Mweka Hazina na Elsie walikwenda kwa Phelister kutimiza desturi ya kikundi hiki. Mwanachama akiugua, tunafagia nyumba yake, tunafua, tunapika, na yeye mwenyewe tunamwogesha. Alisema walimkuta mgonjwa amelala fofofo kwa dawa za maumivu, na kifua "kimechorwachorwa kalamu kama ukuta wa choo cha soko". Kwa huruma, alimwogesha kwa mikono yake mwenyewe, kwa maji moto, sabuni ya kipande na dodoki jipya. Alisugua mpaka ngozi ikang'aa. Kisha akampaka mafuta.

Mgonjwa, badala ya kushukuru, aliamka, akajitazama, akapiga kelele: "Toka kwangu na beseni lako, mwanamke wewe!" Majirani wa pande zote mbili walisikia. Mwenyekiti alisema ameongoza kikundi hiki tangu kianze na hajawahi kufukuzwa na mtu aliyemwogesha, hata maiti. Elsie alimkumbusha kwamba maiti hazifukuzi mtu. Mwenyekiti alimtaka Elsie azungumze kupitia kwa Mwenyekiti.

Mwenyekiti alipendekeza Phelister aombe msamaha mbele ya wanachama wote, na mpaka afanye hivyo, zamu ya kumsindikiza hospitalini isimamishwe.

Katibu alikumbusha kikao maana ya jambo hilo. Phelister anatibiwa saratani ya titi kwa mionzi kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Anapata kizunguzungu, na mara moja alianguka kwenye kituo cha basi. Mumewe, Bw. Oketch, hufanya kazi ya usiku kwenye kiwanda kule Baba Dogo na hurudi saa ambayo mgonjwa anatakiwa awe tayari kwenye mashine. Bila mwanamke wa zamu, Phelister hafiki. Mwenyekiti alijibu, "Basi si aombe msamaha? Mdomo si anao?"

KUMB. NA. 4/3/2025: MAELEZO YA PHELISTER
Phelister alipewa nafasi. Aliomba azungumze akiwa ameketi. Alisema ile michoro haikuwa uchafu. Ilikuwa wino aliochorwa na mhudumu wa mashine baada ya kupimwa nusu siku, na ndiyo inayoonyesha mwale uelekezwe wapi, pale pale kila siku, bila kuhama hata upana wa kidole. Alisema chini ya titi lake la kushoto kuna moyo, na upande wake kuna pafu, na hakuna hata kimoja alichokuwa tayari kukipoteza kwa sababu ya usafi.

Mweka Hazina aliuliza mwale wenyewe unafanya nini huko ndani. Phelister, ambaye kama tujuavyo ni fundi wa nguo, alieleza alivyoelezwa, kwa lugha yake. Mwale hauonekani wala hauumi unapopita. Unaingia mpaka kwenye kiini cha seli na kukata vinasaba, ule uzi wenye maagizo ya jinsi seli itakavyojigawa. Unakata uzi wa seli mbaya na wa seli nzuri iliyo jirani. Tofauti ni kwamba seli nzuri hutulia ikajishona, kesho yake nyingi zimepona. Ile ya saratani haina subira ya kushona vizuri. Inataka kuzaana tu, inajigawa uzi ukiwa umekatika, na huko ndiko inakofia.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini, kama dawa yenyewe ni kali hivyo, isipigwe yote siku moja watu wakarudi makwao. Alisema nguo chafu hulowekwa mara moja. Phelister alimjibu, "Na nguo ikiraruka yote, Mama Kyule, utavaa nini?" Alieleza kwamba ndiyo sababu hupigwa kidogo kidogo, ili seli nzuri zipate kupumua katikati. Lakini ukikaa siku nyingi bila kupigwa, zile mbaya nazo zinapata nafasi ya kuongezeka.

Mweka Hazina aliuliza kama mionzi hubaki mwilini ikarukia watu wengine. Ilibainika kwamba tangu kikao kianze alikuwa akisogeza kiti chake kuelekea mlangoni, na kwamba kikombe cha plastiki lilikuwa wazo lake. Phelister alisema kwa matibabu yake yeye, mashine iko nje ya mwili, na ikizimwa imezimwa. "Ukizima taa chumbani, kitanda kinabaki kikiwaka?" Mweka Hazina alikubali kwamba hakibaki. Alirudisha kiti chake. Kikombe cha udongo kilipatikana.

Phelister aliendelea kusema kwamba Jumatatu baada ya kuogeshwa alifika hospitalini, akapanda kwenye meza, mhudumu akafunua shuka na kutazama. "Mama, alama ziko wapi?" Phelister alisema alimjibu tu, "Zimeogeshwa." Mhudumu hakucheka. Hawakuweza kukisia pa kuelekeza mwale. Ilibidi apimwe upya, na foleni ya kupimwa ni ndefu, na ngozi yenyewe ilikuwa imechubuka kwa kusuguliwa, tena imejaa mafuta aliyokatazwa. Alirudi kwenye mashine Jumatano ya wiki hii. Zaidi ya wiki ilipotea.

Mweka Hazina, ambaye siku ile alikuwa jikoni, aliuliza kwa sauti ya chini kama kilichotumika ni dodoki kweli au ni ule waya wa sufuria. Mwenyekiti alisema waya ulitumika kwa sufuria pekee.

Elsie, aliyeshika beseni siku hiyo, alieleza kwamba Bw. Oketch aliwaambia mlangoni kifua kisiguswe. Mwenyekiti alikiri kusikia, ila alidhani ni yale mambo ya wanaume, kwa kuwa kuogesha mgonjwa si kazi yao na hawajui lolote. Elsie alisema yeye alijua Oketch hawezi kusema hivyo bure, lakini nani angemwambia Mama Kyule aache kusugua?

Phelister alitakiwa sasa aseme kama anaomba msamaha. Maneno yake yanaandikwa kama alivyoyasema:

"Kelele nilipiga, na kwa hilo la kukuita mwanamke wewe, pole, Mama Kyule, wewe ni mkubwa wangu. Lakini nilikasirika, na haki ya Mungu bado nimekasirika. Ile wiki naiogopa. Daktari anasema tungoje mwisho ndio tujue kama imeharibu kitu. Nikilala nahisi ni kama zile seli zinajigawa huko ndani, zinajigawa tu, na mimi nimelala nikinukia sabuni. Mkinitoa kwenye zamu, Jumatatu sitafika. Ni hivyo tu."

Jirani alikuwa akisaga kitu kwenye blenda, ikasikika mpaka mwisho.

Mwenyekiti alisema mama yake alifia wodini, na alipokwenda kumchukua alimkuta na uchafu wa siku nyingi, hata kucha. Alisema tangu siku hiyo hawezi kuona mgonjwa mchafu, mikono yake inakwenda yenyewe. Alisema mengine. Katibu aliweka kalamu chini kwa muda, kwa hiyo hayakuandikwa.

KUMB. NA. 5/3/2025: MAAZIMIO
Mwenyekiti aliondoa pendekezo lake kabla ya kura. Mweka Hazina alitaka kura ipigwe hata hivyo, kwa kuwa alikuwa ameshajiandaa kulipinga. Haikupigwa.

Iliazimiwa kwamba zamu iendelee mpaka Phelister amalize mionzi yake yote. Iliazimiwa pia kwamba mgonjwa yeyote asiogeshwe kabla ya kuulizwa akiwa macho, na kwamba neno la mume mlangoni lihesabiwe kuwa neno, hata kama ni la mwanamume.

Zamu ya Jumatatu ilikuwa ya Bi. Ndete, ambaye yuko Machakos. Mwenyekiti alisema atakwenda yeye. Phelister alimtazama kwa muda. Mwenyekiti aliongeza kwamba hatabeba beseni wala dodoki.

KUMB. NA. 6/3/2025: MENGINEYO
Mwenyekiti aliomba neno "kusugua" lifutwe kwenye kumbukumbu hizi, na badala yake liandikwe "kupangusa". Elsie alisema kikundi hiki kimeshafuta vya kutosha. Katibu aliunga mkono. Neno limebaki.

KUMB. NA. 7/3/2025: KUFUNGA KIKAO
Phelister aliomba aombewe. Kwa desturi yetu, mgonjwa huwekewa mikono. Wajumbe walisimama, wakamzunguka, wakanyoosha mikono, kisha kila mmoja akasita akitafuta mahali pa kuiweka. Mwenyekiti ndiye pekee aliyekuwa ameificha yake ndani ya leso, na alianza sala kutokea mbali, karibu na kabati.

Phelister alisimama, akamfuata, akautoa mkono mmoja ndani ya leso na kuuweka juu ya kilemba chake mwenyewe. Alisema, "Hapa hapana wino. Omba."

Mwenyekiti aliomba. Sala ilikuwa fupi kuliko ile ya kufungua, na jina la Phelister lilitajwa.

Wajumbe waliondoka saa kumi na moja kasoro robo, baada ya Mweka Hazina kuviosha vikombe vyote pamoja.

Katibu: Truphena Otiende (sahihi)

Mwenyekiti: Ndinda Mutisya (sahihi, amesomewa yote na kutia sahihi bila kubadilisha neno)