Mkate wa Pangoni

Jumamosi, 4 Oktoba
Nimeshona shela mbili, kisha nimewasha kompyuta. Pango lilelile la mchezo wetu wa zamani. Nimekufa mara tatu kabla ya adhuhuri. Betri haishiki tena, umeme ukikatika kila nisichohifadhi kinapotea. Umekatika. Nimetukana.

Bakari, mdogo wangu, amepiga simu kutoka Ulaya. Madaktari wamempangia upasuaji wa macho Alhamisi, naye anasema haendi. Anaogopa, basi. Haoni ila ukungu, lakini eti afadhali ukungu kuliko kisu. Nimekasirika.

Jumapili, 5 Oktoba
Tumepatana. Nikitoka pangoni kabla ya Alhamisi, ataenda. Amekubali upesi mno. Anajua hakutokeki. Tulikwama humo tukiwa wakimbizi Mombasa, yeye miaka kumi na miwili, mimi kumi na minne, kwenye kompyuta kuukuu ya jirani. Anadhani nitachoka.

Hanijui huyu.

Jumatatu, 6 Oktoba
Naupenda mchezo huu na sioni haya. Hauna picha hata moja. Skrini nyeusi, maandishi meupe, na wewe unaandika: ingia, chukua, fungua. Pango unajichorea mwenyewe kichwani. Michezo ya siku hizi inakuonyesha njia kwa mshale. Huu haukuonyeshi kitu, ukikosea umekufa.

Namsomea Bakari kwenye simu, natafsiri Kiingereza chake kwa kile nilichojifunza Mombasa. Ramani aliyochora zamani bado anaikumbuka yote.

Shida ni hii. Vyumba saba, vyote sawasawa. Ukiacha kitu chumbani, ukirudi utakijua. Tuna kamba, ufunguo, kikombe, shoka na kengele. Vitu vitano. Vyumba viwili vinabaki bila alama, na humo ndimo tunamopotea. Kitu cha sita hakipo. Nimepekua kila pembe.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimekufa mara tisa. Bakari amecheka, kicheko cha mtu aliyefurahi kushinda. Siachi.

Jumatano, 8 Oktoba
Asubuhi, chai. Kipande cha mkate kimemponyoka Mama kikaanguka. Amekiokota, amekibusu, amekiweka juu ya ukuta, kama alivyotufundisha tangu kisiwani kwetu Koyama. Mkate haukanyagwi.

Nimeacha chai yangu.

Mkate! Tunao mkate mfukoni tangu mwanzo wa mchezo. Miaka yote hii tumeubeba, tumehesabu vitu vitano, na hakuna aliyewaza kuuweka chini. Chakula hakikuwa kitu cha kuacha sakafuni. Waliotunga mchezo hawakuwa na mama kama wetu.

Nimempigia Bakari. Amepiga kelele kwa lugha ya kisiwani: “Mchu hatupi mkate chini!” Kisha tumecheka wote wawili mpaka Mama akaja kuangalia.

Mkono umesita, kweli. Nimesema bismillahi nikaandika: weka mkate. Kikabaki chumba kimoja tu bila alama, nacho kikajulikana kwa hilo. Kabla ya saa tano nimeona: Uko nje ya pango.

Nimemsomea mstari huo mmoja. Chini yake kulikuwa na mwingine. Nimeufunika kwa karatasi ya kukatia nguo kabla sijausoma, nikahifadhi. Nimemwambia huo atausoma mwenyewe, kwa macho yake.

Amesema ataenda. Sauti ilikuwa ndogo.

Alhamisi, 9 Oktoba
Amepasuliwa. Bandeji. Mshono mmoja wa shela nimeufumua mara mbili. Naogopa sasa mimi. Nikiwa nimemsukuma kwenye mabaya?

Ijumaa, 10 Oktoba
Hakuna habari. Nimeswali, nimeshona.

Jumamosi, 11 Oktoba
Bandeji ya jicho moja imetolewa. Nimewasha kompyuta, nimeinua karatasi, nimepiga picha bila kutazama. Nimemtumia bila neno.

Baada ya alasiri amenitumia sauti yake kwa simu. Anasoma polepole, herufi kwa herufi, kama alivyosoma Mombasa. Uko nje ya pango. Amepumzika. Kisha wa pili: Una njaa.

Halafu: “Dada, umeniwacha na ndaa!”

Nimeirudia mara nne. Mama ameuliza nalia nini. Nimemwambia mwanawe anasoma.