Maziwa Uliyompa Mugendi

Mama Njue,

Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike kule Kiritiri, na leo ndiyo nimepata nafasi ya kukuandikia. Nimechoka. Niko hapa mtaa wa Dallas, Embu mjini, kwa mwanangu Mugendi, nalea mjukuu. Mtoto ana miezi mitatu na mama yake, Wawira, amesharudi kazini. Mgongo wangu haupendi tena kuinama, lakini nani mwingine atamshika?

Wiki iliyopita Wawira alitaka kumwachisha ziwa. "Nimechoka, mama. Atazoea maziwa ya ng'ombe." Unanijua. Nilimketisha nikamfundisha kama darasa la sita. Nilimwambia maziwa ya mama hayahitaji kuchemshwa wala chupa ya kuosha. Ndani yake mna kinga ambayo mwili wa mama huitengeneza dhidi ya magonjwa ya nyumba ile ile anamoishi mtoto, ndiyo maana anayenyonya haharishi wala kukohoa ovyo. Mpaka miezi sita hahitaji uji, hata maji. Na akikamua asubuhi akaweka kwenye friji, mimi nitampa kwa kikombe. Alinisikiliza. Kisha Mugendi, aliyekuwa akifunga kamba za viatu, akauliza: "Na wewe mama, ulipokuwa ukifundisha, ulinikamulia?"

Friji gani, Kiritiri ya siku zile? Na ukweli wenyewe sikuusema hata kwenye mazishi yako.

Wewe hukusahau. Likizo yangu ya uzazi iliisha katikati ya kiangazi, nikamwachia msichana wa kazi mtoto wa miezi miwili, maziwa ya ng'ombe, na chupa iliyosuuzwa kwa maji ya bwawa. Mimi niliyechora nzi ubaoni na kueleza njia zake zote za kueneza ugonjwa, mwanangu aliharisha mpaka macho yakaingia ndani. Siku moja saa nne nilitoka darasani mbio, nikamkuta kwako, alikopelekwa na msichana, amelala, tone la maziwa kidevuni, na Njue wako kando yake. Ukaniambia, "Mwalimu, mtoto wako amekula kwangu. Kama ni kunipiga, ngoja kwanza aamke."

Ziwa la kulia la Njue, la kushoto la Mugendi, mpaka walipoanza uji. Mama mkwe wangu angesikia kwamba mtoto wa mwalimu ananyonyeshwa na mchunga mbuzi, pasingekalika. Nikakuomba usiseme. Ukacheka: "Kwani mimi ni redio?" Na hukusema. Miaka yote hiyo Mugendi alikuamkia haraka haraka kama jirani yeyote, akapita, nawe ukaniangalia tu.

Basi siku ile nikamweleza Mugendi yote. Akavua viatu alivyokwisha vaa, akakaa. Nilidhani atanikasirikia. Akauliza kitu kimoja tu: "Na Njue alibakiwa na nini?"

Nikamweleza kwamba ziwa si mtungi, kwamba mtoto akinyonya zaidi mwili hutengeneza zaidi. Ni kweli, nimelifundisha hilo. Lakini nilishindwa kumalizia. Mwili hutengeneza kutokana na kitu, na mwaka ule wewe ulikuwa unakula mara moja kwa siku. Nilikuletea maharagwe mara mbili, basi. Ulikonda mpaka leso ikakuzunguka mara tatu. Niliona. Na kila asubuhi niliendelea kukuletea mtoto.

Tulipompigia Njue simu, alisema anajua tangu alipotahiriwa. "Mama alisema tumngoje mwalimu aseme mwenyewe." Ndipo nikaelewa kwa nini pale kaburini alimpa Mugendi sepetu ya kufukia mara tu baada yake, kabla ya binamu zake, kama ndugu. Sisi tulidhani ni heshima kwa mgeni.

Ulingoja sana, Mama Njue. Nilikuwa na miaka arobaini ya kusema, nikasema kila kitu kingine.

Wawira bado anakamua, na mtoto anaongeza kilo. Jumamosi tunakuja wote. Nitasimama mbele ya ukoo wako, na miguu hii ikikataa nitakaa kwenye kiti, lakini nitalisema kwa mdomo wangu: kwamba Mugendi aliishi kwa sababu yako, na kwamba mimi ndiye niliyeficha. Pumzika sasa, mama wa mwanangu.