Kundi Lililogoma Kutawanyika

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai kikohozi kimekuachia na umeanza tena kuwagombeza wadogo zangu, maana ukinyamaza ndipo tunapoogopa. Mimi ni mzima, nakula, nalala, ila hasira zimenijaa hadi kooni.

Najua mjomba amekwisha kukupigia simu kwamba nimemvunjia heshima profesa wangu, yule tunayemwita Bwana Koti. Usikie na upande wangu.

Kazi yangu unaijua: kupima nyota kwenye picha, mchana kutwa mbele ya kompyuta. Nilipewa kundi moja. Nyota za kundi huzaliwa pamoja, kisha hutawanyika zingali changa, ndivyo tulivyofundishwa. Basi Bwana Koti akaniagiza nifute kwenye orodha nyota zote zilizoonekana kongwe, eti ni wapita njia tu waliojipitisha mbele ya kamera. Nikafuta elfu tatu, bila kuuliza. Akaandika makala, akapigiwa makofi, na jina langu likawekwa chini ya lake. Wewe ulilia kwa furaha.

Mwaka huu nilizipima upya nione zinaelekea wapi. Mama, zote elfu tatu zinakwenda upande mmoja na kundi, kwa mwendo uleule! Ni wenyeji kabisa. Kundi lile ni kubwa ajabu, na lina umri mkubwa kulishinda jua letu. Limegoma kutawanyika.

Nilimwonyesha. Akacheka, akaniita mtoto wa juzi, akasema nikifunga mdomo shahada ya udaktari ni yangu mwezi ujao. Mjomba, aliyenitafutia nafasi hii, anataka nikapige magoti niombe radhi.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata mjomba halijui. Jumatatu niliwaandikia wahariri wa jarida lililochapisha makala ile. Nimekiri kuwa mkono uliofuta ni wangu, nikawapelekea orodha nzima. Jana nimeondolewa chuoni. Miaka sita, Mama, imeota mbawa. Nimelia, sikufichi, lakini magoti sipigi ng'o.

Ijumaa nipo nyumbani na sanduku langu. Majirani wakiuliza, usiinamishe kichwa. Waambie binti yako kafukuzwa kwa kuhesabu vizuri.

Wasalimie wadogo zangu wote, na mjomba pia, akikubali salamu zangu.

Ni mimi, mwanao mbishi,
Kifungua mimba wako